Mlango wa Funguo Mbili

Siku ya soko mjini Migori, kibanda cha Barnabas, fundi wa funguo, hakikosi watu. Nyasuguta alikuwa amesimama hapo akingoja kufuli la sanduku lake la bati, amevaa sketi ya buluu na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi hadi kola ikasimama, alipomwona kijana mrefu wa koti la kahawia akiweka ufunguo mezani na kuomba achongewe mwingine kama huo.

Ufunguo ule ulikuwa mrefu, wa shaba, na kichwani ulikuwa na namba mbili. Nyasuguta aliujua mara moja. Mwenzake, wenye namba moja, ulikuwa umening'inia shingoni mwake saa hiyo hiyo, ndani ya blauzi. Akaufunika wa mezani kwa kiganja kabla Barnabas hajashika tupa.

"Dada, huo ni wangu," kijana akasema.

"Si wako. Ni wa ofisi ya elimu. Wewe ndiye Matiko, uliyeletwa juzi?"

Matiko alikiri. Akaeleza kwa upole kwamba aliogopa kuupoteza, ndipo akataka wa akiba.

"Kwa hiyo umeuleta sokoni, mbele ya watu wote hawa, usije ukapotea."

Barnabas alicheka mpaka akaweka tupa chini. Matiko naye alicheka, masikio yamemwiva kwa aibu, na Nyasuguta akapenda namna alivyojicheka bila kujitetea. Njiani akamfafanulia kwamba stoo ya karatasi za mitihani ilikuwa na mlango mmoja wa chuma wenye vitasa viwili. Kila kitasa kilikuwa na ufunguo wake na kila ufunguo ulikuwa na mtu wake. Hakuna aliyeweza kuingia bila mwenzake, awe karani au mkubwa. Ufunguo wa tatu ukizaliwa, ulinzi wote umekufa.

"Utanishtaki?" Matiko akauliza.

"Ungechongwa, ningekushtaki. Haukuchongwa. Kanunue chai."

Hapo ndipo walipoanza. Mwaka ule wa 1996 masanduku ya mitihani ya majaribio yalifika mapema, na kila yalipoingia au kutoka ilibidi wasimame bega kwa bega mlangoni, Nyasuguta kitasa cha juu, Matiko cha chini. Matiko, Mkuria mwenye sauti ya chini na viatu vinavyong'aa hata siku ya matope, alijifunza kuitambua hatua ya Nyasuguta ukumbini. Nyasuguta akichelewa, Matiko alimwambia kwamba mlango umekuwa ukimlilia. Nyasuguta alimjibu kwamba mlango haulii, labda aliyeuegemea. Jumamosi, Nyasuguta alipokuwa kanisani kwake na Waadventista wenzake, stoo haikufunguliwa, na Matiko aligundua kwamba ofisi bila binti huyo wa Kisii ilikuwa nyumba ya kuta tu.

Jumapili, baada ya misa, Matiko alipiga simu kutoka posta ya Isebania, alikokwenda kumwona mama yake. Nyasuguta aliipokea dukani kwa jirani yake, mtaani Suna.

"Unafanya nini?"

"Nafua. Na wewe?"

"Naongea na anayefua."

"Sarafu zako zitakwisha, Matiko."

"Basi sema jambo tamu upesi."

Nyasuguta alimtazama mwenye duka, akageukia ukuta. "Sabuni imenikaukia mikononi na sioni haraka ya kuisuuza."

Simu ikakatika. Alirudi kwenye beseni akitabasamu peke yake, kisha tabasamu likafifia. Kanuni ya stoo ilisema wenye funguo wasiwe ndugu wala wapenzi, kwa maana wawili wenye moyo mmoja ni kama mtu mmoja mwenye funguo mbili. Haikuwa kanuni mbaya. Karatasi moja ikivuja, mtoto wa maskini aliyesoma kwa koroboi hupitwa na aliyenunua majibu. Lakini mwaka uliotangulia makarani wawili wenye funguo walipogundulika kupendana, mwanamke ndiye aliyehamishwa mbali, mwanamume akabaki na kiti chake. Nyasuguta aliipenda kazi yake, na mshahara wake ndio uliomweka shuleni Moraa, mdogo wake. Akapanga kumwambia Matiko wakae chini, waamue pamoja la kufanya.

Jumatatu alipofika mlangoni, hakumkuta Matiko. Aliyesimama kwenye kitasa cha chini alikuwa mama mmoja wa makamo, Eucabeth, wa idara ya michezo, ameshika ufunguo namba mbili kama mtu aliyepewa nyoka. Eucabeth alimwambia alichosikia: kwamba Ijumaa jioni Matiko alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa ofisi, Bwana Mosoti, akaomba kuvuliwa ufunguo, na kwamba tayari amepelekwa Homa Bay.

Nyasuguta alifungua kitasa chake, akafanya kazi yake hadi mwisho, kisha akajifungia chooni akalia. Jana yake tu Matiko alikuwa amempigia simu, akaongea tamu, ilhali alikuwa ameshaomba kuondoka. Ukumbini watu walishaanza kunong'ona kwamba mtu hakimbii ufunguo bure, kwamba labda ameona jambo la wizi kwa yule msichana. Matiko alipopiga simu jioni, Nyasuguta alimwambia mwenye duka aseme hayupo. Alipopiga tena, hakutoka nyumbani. Wiki nzima ikapita hivyo.

Ijumaa alivaa gauni lake la kijani, akaingia kwa Mosoti, akakaa humo kitambo. Jumapili akapanda basi la Homa Bay.

Matiko alimpokea stendi, kwa kuwa mwenye duka alikuwa amemhurumia na kumpa kwa simu habari za safari hiyo. Matiko alikuwa amekonda kidogo. Walikaa katika hoteli inayotazama ziwa, wakaletewa samaki aina ya ngege na ugali, na hakuna aliyenawa.

Matiko alisema yote kwa pumzi moja. Aliogopa kwamba siri ikijulikana wangemhamisha Nyasuguta, kama yule wa mwaka jana. Akaona akitangulia yeye kutoka, kabla hawajashikwa, Nyasuguta atabaki na kazi yake. Alimwambia Mosoti kwamba anataka kumwoa Nyasuguta, akamwomba asiitaje sababu hiyo hadi atakapomwambia Nyasuguta mwenyewe, na ile Jumapili kwenye simu alikosa ujasiri.

"Nilifanya kwa ajili yako, Nyasu."

"Najua. Na ndilo linaloniuma." Nyasuguta akasogeza sahani kando. "Kazi ni yangu, jina ni langu, na moyo ni wangu. Ukaingia humo peke yako, ukapanga vitu, ukatoka, ukafunga. Watu wakaniona mwizi. Ungeniuliza tu, Matiko."

Matiko aliinamisha kichwa. Hakutafuta neno la kujifunika. "Nilikosa," akasema. "Nilidhani kukulinda ni kukuficha. Nisamehe."

Upepo wa ziwa ulipeperusha kitambaa cha meza. Nyasuguta alikibana kwa sahani.

"Nimekwenda kwa Mosoti mimi mwenyewe," akasema. "Nimemwambia sababu. Kwamba nampenda aliyekuwa na ufunguo wa pili, na kama kanuni inataka na wangu, huu hapa, nikauvua."

"Akasema?"

"Akauliza kwani vijana wa siku hizi hawana jingine la kumletea ila mapenzi. Kisha akanirudishia. Kwa kuwa wewe uko huku, mlango una watu wawili tena, mimi na Mama Eucabeth. Na amewaambia wote ukumbini, kwa sauti, kwa nini uliondoka."

Matiko alifunika macho kwa mkono. Nyasuguta alimngoja mpaka akautoa.

"Sasa uliza," akasema.

"Niulize nini?"

"Ulilomwambia Mosoti kabla ya kuniambia mimi."

Matiko akavuta kiti karibu. Akauliza polepole, akimtaja Nyasuguta kwa jina lake kamili na la baba yake, kama atakubali awe mke wake, akaongeza kwamba akitaka muda atangoja, akikataa atakubali.

"Ndiyo," Nyasuguta akasema, akanawa na kumega ugali. "Nawe unawe, samaki anapoa."