Chuma cha Saning'o

"Kifaru, ng'ombe katoka zizini. Narudia, ng'ombe katoka zizini."

Nareyu alibonyeza redio ya Motorola. "Nimemwona."

Lori jeupe la Fuso lilikuwa linateremka barabara ya Oldeani, vumbi jekundu likilifukuza. Lilikuwa linakwenda Karatu, halafu mpakani Namanga. Ndani lilibeba mikoba ya ngozi iliyoshonwa nchi ya mbali, nchi ambayo bidhaa zake zimetwishwa ushuru mzito huko ng'ambo zinakouzwa. Humu nchini ilibandikwa lebo ya Tanzania tu, ili ipenye kwa ushuru mdogo. Ingegundulika ng'ambo, soko lingefungwa kwa kila kiatu na kila mkanda unaotengenezwa nchini.

Ilibidi lisimame hapa hapa.

Na lebo ilikuwa ya kiwanda cha shemeji yake, Julius.

Nareyu alikanyaga mafuta. Land Cruiser iliyopakwa rangi za magari ya watalii ikaruka korongo.

"Kuna njia ya mkato ndani ya shamba la kahawa," alisema Inosenti redioni, mwenzake wa Idara ya Usalama, aliyekuwa kilimani akirusha droni. "Kulia, penye mti ulioanguka."

"Naijua."

Angeachaje kuijua? Saning'o, marehemu mumewe, alipita hapo na punda akimpelekea ngozi Julius Qamara. Mmasai wa Ngorongoro na Mwiraqw wa Qurus, marafiki wa kufa na kuzikana tangu shule ya bweni. Mmoja alikuwa na ng'ombe, mwenzake na cherehani. Kwenye kila mkoba waliacha ionekane alama ya moto ya boma ngozi ilikotoka. Wazungu waliipenda alama ile kuliko mkoba wenyewe.

Kisha ukame ukawamaliza ng'ombe. Saning'o naye akafuata kwa homa ya mapafu, maskini, akiwaita majina ng'ombe ambao hawakuwepo tena. Siku ya maziko Julius aliomba chuma cha chapa cha rafiki yake, awe nacho kama kumbukumbu. Nareyu alimpa kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki iliyopita mikoba iliyonaswa Arusha iliwekwa mezani kwake. Mmoja una alama ya Saning'o. Wa pili, alama ya Saning'o. Yote.

Ng'ombe waliooza bondeni wametoa wapi ngozi mpya?

Alilia chooni. Akanawa uso, akaomba kazi hii apewe yeye.

Land Cruiser ilichomoka kwenye mibuni na kukingama barabarani. Fuso likafunga breki, likaserereka, likasimama. Mgeni mwenye kofia ya safari akaruka chini, bastola mkononi.

Alichelewa.

Glock ya Nareyu ililia mara moja. Bastola ya mgeni ikaanguka, naye akapiga magoti akikumbatia mkono wake. Askari waliojificha kwenye kahawa wakamrukia yeye na dereva.

Mlango wa pili ulifunguka taratibu. Julius alishuka mikono juu. Alikuwa amekonda.

"Shemeji."

"Kwa nini, Julius?"

"Maji yalinifika shingoni. Ushuru wa ng'ambo wanautangaza asubuhi, jioni wameubadilisha. Mnunuzi kila siku ananiambia subiri, utashuka. Huku zipu bei juu, dawa ya ngozi bei juu. Nikaacha zipu, nikaweka vifungo vya pembe. Nikazima mashine. Mshahara wangu mwenyewe nikaufuta. Kilichobaki kupunguza ni kina mama washonaji. Nimfukuze Marsela, shemeji, anayelea wajukuu peke yake? Ndipo huyu mgeni akaja. Akasema nimpe lebo tu."

"Na alama?"

"Alisema bila alama mikoba haiuziki. Mimi nilikuwa na chuma kimoja tu." Aliinamisha kichwa. "Nikaona wazungu watajuaje boma moja na jingine?"

"Mimi najua."

"Najua unajua."

"Ungeniambia."

"Wewe mtu wa serikali. Ningekuambia nini?"

Nareyu alimpita. Alipanda ndani ya Fuso. Chuma kilikuwa chini ya kiti, kimefungwa kwenye shuka jekundu la Saning'o, limekunjwa vizuri. Julius alikuwa amekitunza. Nareyu alikipakata mlangoni kama mtoto mchanga, akashusha pumzi.

Redio ikakoroma; Inosenti alikuwa akitazama kwa droni. "Kifaru, hicho ni kielelezo. Kitaenda mahakamani."

"Nimesikia."

"Pole, dada."

Nareyu alishuka. Askari mmoja alikuwa ameshikilia mfuko wa plastiki, ameufungua, anasubiri bila kumtazama usoni. Nareyu aliondoa shuka, akajitanda begani. Kisha akakitumbukiza chuma ndani ya mfuko ule, kwa mikono yake mwenyewe, kwa mara ya pili.

"Kina mama watakuwa wanakunywa chai saa hizi," Julius alisema, pingu zikimbana. "Wananingoja. Nani atawaambia?"

"Mimi."

Alivaa miwani ya jua mtu asione macho yake. Akatembea taratibu hadi kwenye gari, akaligeuza kuelekea kiwandani Karatu, njia nzima akitafuta neno la kuanzia kwa Marsela.