Ufa Uliozibwa kwa Sabuni

Kila Jumamosi ya msimu wa kahawa, Flavia alisafisha kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, katika injini ya baba yake, Mzee Wenseslaus. Injini hiyo ya petroli ndiyo iliyozungusha mashine ya kumenya kahawa, na nusu ya kijiji chao huko Old Moshi waliitegemea.

Jumamosi hiyo spesa ilimponyoka, ikaangukia jiwe. Spesa ni kile kipande cheusi cha plastiki ngumu kinachokaa kati ya injini na kabureta, gasketi, yaani karatasi ngumu ya kuzuia hewa isipenye, moja huku na nyingine huku. Ikapata ufa mwembamba kama unywele. Flavia aliogopa. Alikumbuka jinsi madereva wanavyoziba tangi linalovuja, akaukandika ufa kwa sabuni ya mche hata usionekane, kisha akairudisha spesa mahali pake kimya kimya.

Injini iliwaka mara moja. Ilipopata moto ikakohoa, ikazima.

"Gasketi hizi zinapitisha hewa," baba alisema. Akakata nyingine kwa mkasi, maana kwa kukata gasketi hakuwa na mpinzani. Injini ikazima tena. Akakata za tatu, mambo yakawa yale yale. Uani magunia ya kahawa mbivu yalizidi kujaa, na kahawa ikilala bila kumenywa huchachuka.

Mzee Wenseslaus aliweka mkasi chini. "Waambie watu wapeleke kahawa yao kwingine. Macho yangu yamezeeka."

Maneno hayo yalimchoma Flavia kuliko fimbo.

"Baba, macho yako ni mazima," alisema, machozi yakimlengalenga. "Spesa ina ufa. Niliiangusha, nikaipaka sabuni."

Baba aliifungua spesa, akaukwangua ufa kwa ukucha. "Sabuni," alisema. "Haya, vaa viatu. Tunashuka mjini."

Miaka hiyo maduka ya Moshi yalikuwa yameanza kufurika vipuri kutoka nje. Muuzaji, Swaleh, aliweka spesa mbili mezani: moja ya alumini, inang'aa, nyingine nyeusi, ya plastiki.

"Chukueni ya alumini. Hii haivunjiki hata ukiidondosha kutoka kilele cha Kibo."

"Aliyevunja ndiye atakayechagua," baba alisema.

Flavia aliweka gasketi ya zamani juu ya kila moja. Matundu yalilingana kote. Ile inayong'aa ilimvutia kweli, lakini alikumbuka sufuria ya alumini ikitoka motoni, isiyoshikika bila kitambaa.

"Alumini itapeleka moto wa injini kwenye kabureta, petroli ichemke," alisema. "Naomba nyeusi."

Swaleh alicheka. "Mzee, umezaa fundi."

Saa kumi jioni injini iliunguruma, ikapata moto, ikaendelea. Gunia la mwisho lilimenywa kabla jua halijazama.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," baba alisema akifuta mikono. "Wewe uliuziba, lakini kwa sabuni. Kosa linalofichwa ni hivyo hivyo, mwanangu. Asubuhi linashika vizuri. Likipata moto, linayeyuka. Liseme lingali baridi."

Kisha akampa mkasi. "Jumamosi ijayo, gasketi utakata wewe."