Geuka Bure

Fundi cherehani ndiye aliyeutunga ule mchezo, na ndiye aliyeuharibu.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, watu wanne waliizunguka meza yake ya kukatia vitambaa: yeye mwenyewe, mdogo wake waliyemwita Kijiti kwa wembamba wake, jirani mchomelea vyuma, na msusi wa mlango wa pili. Fundi alisimulia safari ya kubuni, wenzake wakasema wahusika wao wanafanya nini humo, na dadu zikaamua nani kapatia na nani kaumia. Mchomeleaji alikuwa askari wa upanga, msusi alikuwa mwizi. Kijiti alikuwa mchawi wa kugeuka wanyama, na hapo ndipo penye shida. Akijeruhiwa akiwa chui, aligeuka nguruwe, na nguruwe akaanza na mwili mpya usio na hata mkwaruzo. Hauawi. Mchomeleaji alinung'unika kwamba upanga wake sasa ni wa kumenyea vitunguu.

Ili kuweka mizani, fundi alikuwa amepanga kila mgeuko umpunguzie mchawi uhai kidogo. Kijiti akambembeleza wiki nzima aiondoe sheria hiyo, akiosha vyombo bila kuambiwa, mpaka dada yake akalegea. Kwa desturi ya meza yao, sheria haikubadilika mpaka wote waridhie. Msusi aliridhia kwa uchovu, mchomeleaji kwa shingo upande.

"Haya," fundi akasema, "geuka bure."

"Nimekubali," ikajibu sauti.

Kila mmoja alidhani ni mwenzake. Dadu zikarushwa.

Wiki ile chumba cha Kijiti kikaanza kunuka manyoya yaliyolowa. Fundi alifua mashuka, akasugua sakafu, harufu ikabaki palepale. Akamsikia bafuni akiuliza maswali na kujijibu kwa sauti nzito isiyo yake. Alipombana aseme kinachomsibu, Kijiti alitazama mlango kwanza.

"Kuna mtu ananiazima, dada," alinong'ona. "Nikiamka meno yananiuma."

Fundi alimgusa paji la uso, akamwambia ni homa.

Jumapili iliyofuata walicheza mvua ikipiga bati. Kijiti alisema anageuka chui, na akageuka. Shati lilichanika mgongoni, mdomo ukatanuka hadi masikioni, na kabla msusi hajainuka kitini jini lililomwingia Kijiti lilikuwa limempasua tumbo kwa kucha, likamrukia mchomeleaji na kumng'oa vidole viwili, naye kwa mkono uliobaki mzima akaokota nondo iliyokuwa ikiegemeza mlango akalitwanga nyuma ya sikio mpaka mfupa ukasikika ukivunjika, lakini lilipoanguka lilianguka likiwa nguruwe, kichwa kizima, likainuka likakoroma na kumbamiza ukutani, na fundi, asiyewahi kumpiga mdogo wake hata kofi, akalichoma shingoni kwa mkasi mkubwa mpaka kwenye vishikio, akaona damu ikimrukia kifuani, kisha akaona nguruwe akiwa nyani, na mkasi ukidondoka sakafuni huku shingo ikiwa haina hata alama.

Nyani akapanda mezani, akacheka kwa sauti ya Kijiti.

"Bure. Ulisema bure."

Hapo fundi akaelewa. Lile jini lilikuwa linatii sheria za mchezo. Liliingia kwa neno lake yeye fundi, na nguvu zake zote zilikuwa ndani ya neno hilo.

"Nabadilisha sheria," alisema. "Kila jeraha litamfuata anayegeuka. Mnakubali?"

Mchomeleaji alisema anakubali. Msusi, mikono yake ikiwa imeshikilia tumbo, alitikisa kichwa kukubali.

"Mimi sikubali," likasema jini.

"Wewe hukualikwa. Namuuliza ndugu yangu."

Nyani akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili. Mikono ikashuka kwa shida kama inavutwa na mtu wa ndani.

"Yatanirudia mimi, dada," Kijiti akasema.

"Najua."

"Yote?"

Fundi alishindwa kusema uongo. "Yote, mdogo wangu."

Kijiti akamtazama msusi aliyelala kwenye damu. "Nakubali."

Yakamrudia kwa pamoja. Shingo ikafunguka, kichwa kikabonyea nyuma ya sikio, na kitu kisichoonekana kikatoka kinywani mwake kikilia, kikavunja dirisha na kutokomea mvuani. Mezani akabaki kijana mwembamba, uchi. Fundi alimpakata kichwa mpaka pumzi zikaisha.

Msusi alishonwa akapona. Baada ya maziko, mchomeleaji alikuja na mkono wake uliofungwa bandeji, akasimama mlangoni pa fundi. Uso ulikuwa umemsawajika. Alisema hapati usingizi wala hali chakula, kisha akauliza alichokuja kuuliza: ni pigo lipi lililomuua, nondo au mkasi?

Fundi alikuwa ameliona jeraha la mkasi kwa karibu. Lilikuwa limepita kando ya mshipa. Nyuma ya sikio, alipompakata, vidole vyake vilikuwa vimezama.

"Mkasi," akasema. "Ni mkono wangu huu."

Mchomeleaji akakaa chini palepale kizingitini, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Fundi akakaa kando yake.