Kompyuta ya Marehemu Otiende

Aloo ana kibanda cha kuchapa barua hapa Nkende, mjini Tarime. Kaka yake Otiende alipofariki, ukoo uligawa vitu vyake. Aloo akapewa laptopu yake ya zamani.

Humo Otiende alirekodi nyimbo za Kijaluo alizomwimbia binti yake, Happy. Aloo hakujua. Angeuliza tu, angeambiwa.

Kwao nguo za marehemu hufuliwa kabla ya kuvaliwa. Aloo akaona laptopu nayo isafishwe. Akamwambia fundi, "Futa kila kitu. Niwekee mfumo mpya kabisa, ule wa sasa."

Tangu hapo laptopu ikawa inajikokota. Wateja walisubiri barua mpaka wakachoka, wakaenda kwingine. Aloo akaipeleka kwa jirani yake Editha, mwalimu wa kompyuta aliyehamia kutoka Bukoba.

"Dada, hii ni ya zamani na kumbukumbu yake ni ndogo," alisema Editha. "Mfumo huu ni mzito. Ni kama kumtwisha mtoto gunia la mahindi."

"Kwa hiyo niitupe?"

"Usitupe. Kuna mifumo myepesi ya Linux, tena ya bure. Tutauweka mmoja kwenye flashi tuujaribu kwanza. Ukikufaa, ndipo tutauweka kwenye laptopu yenyewe. Lakini kwanza tuhamishe vitu vyako, maana kuweka mfumo kunafuta."

"Vyangu ni vichache. Vya kaka vilishafutwa."

Editha hakuuliza ni vitu gani. Baadaye alilijutia hilo sana.

Mfumo mwepesi ulikubali. Laptopu ikawaka upesi, na printa ikafanya kazi. Wakauweka moja kwa moja.

Jumamosi akaja Akello, mjane wa Otiende, na flashi mkononi.

"Wifi, naomba zile nyimbo za baba Happy. Mtoto anataka kumsikia."

Aloo aliichukua laptopu. Alikimbilia kwa Editha.

"Kilichofutwa huweza kurudi, kama hujaweka kitu kingine juu yake," alisema Editha. "Lakini humu imeshawekwa mifumo miwili, wa fundi na wetu."

Alijaribu hata hivyo. Hakupata wimbo hata mmoja.

Leo laptopu inakwenda vizuri na wateja wamerudi. Mteja akisema anataka kufutiwa kompyuta, Aloo humwambia akawaulize kwanza wa nyumbani kwake, kisha ahamishe vyote.

Happy hupita kibandani akitoka shule. Aloo humwimbia nyimbo za kaka yake, zile anazozikumbuka. Mtoto husikiliza mpaka mwisho.

"Shangazi," husema, "baba hakuwa anaimba hivyo."