Chatu Aliyenona kwa Njaa

Kuku aliyetiwa kizimbani ili aliwe na chatu alitaga yai. Tena alilitaga juu ya mgongo wa chatu mwenyewe, akapiga kelele za majivuno kana kwamba yuko kwa mama yake, na lile joka, nene kama paja la mcheza mieleka, likageuza kichwa likatazama ukuta.

Watu waliofurika kutazama chatu akila walicheka hadi wengine wakakaa chini. Maurice, mwenye hoteli, hakucheka. Sori nzima, mji ule wa kando ya ziwa, na ukibisha nenda ukaulize, hapakuwa na hoteli nyingine ambapo mtu angetafuna samaki wake, ngege wa kukaanga, huku akiona joka likimeza kuku mzima na manyoya yake.

"Ana maringo tu huyu," akawaambia watu. "Njooni kesho mtaona."

Kesho wakaona yaleyale. Maurice akawasha jiko la makaa kando ya kizimba, maana chatu akihisi baridi hana hamu. Akafunika waya kwa gunia, maana chatu hapendi kukodolewa macho. Akabadilisha kuku kwa bata, bata kwa sungura, sungura kwa panya wa shambani walionona kuliko paka. Chatu alivitazama vyote kama mzee wa kanisa anavyotazama glasi ya chang'aa mbele ya waumini.

"Labda anamlilia mwenyewe," alisema Bathsheba, mke wa Maurice, binti wa Kisii asiyejua kumumunya maneno.

"Mwenyewe ni mimi."

"Mwenyewe ni Jacktone, Baba Joyline. Usinifanye mtoto."

Ni kweli. Jacktone, mtoto wa baba mkubwa wa Maurice, ndiye aliyemwokota chatu huyo kwenye mafunjo ya Karungu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, akamlea kwa mkono wake. Kisha wakaenda kuvua ziwani, yeye na Maurice, mashua ikapinduka, na aliyerudi nchi kavu ni Maurice peke yake. Maiti haikuonekana. Matanga hayajapoa, Maurice akaenda na mkokoteni kumchukua chatu. Lynnet, mjane, alipolalamika, alijibiwa kwamba mwanamke hawezi kulea joka.

Basi siku moja, jua la saa saba likiwa utosini na wateja wameenda kupumzika, Bathsheba alisimama mbele ya kizimba mkono kiunoni.

"Baba Joyline, huyu chatu ananenepa."

"Atanenepaje na hajala?"

"Sijui. Na wewe unakula kama askari na suruali inakuanguka."

Maurice akamwambia aache uchawi wa Kisii. Akajipakulia ugali mkubwa, akakaa makusudi mbele ya kizimba ili amwoneshe chatu namna wanaume wanavyokula. Akafinyanga tonge, akalimeza. Shingoni mwa chatu, palepale, pakatokea uvimbe mdogo kama tonge, ukashuka polepole chini ya magamba hadi tumboni. Maurice akaacha kutafuna. Akameza tena, safari hii nyama ya samaki, na uvimbe mwingine ukateremka, na tumbo lake yeye likabaki tupu likinguruma, na kutoka ndani ya kizimba ikaja harufu ya nyavu zilizooza na tope la chini kabisa ya ziwa, na pamoja na harufu kikaja kikohozi, kikohozi cha mtu mzima aliyekunywa maji mengi na bado anakunywa, na mle kizimbani hapakuwa na kiumbe mwingine ila chatu, naye alikuwa amefumba kinywa, anamtazama.

Tangu hapo kila alichokula Maurice kilimfaidi chatu. Uji, maziwa, hata kidonge cha malaria. Mbavu zikamtoka kama mbao za mashua kuukuu. Akajua wazi, bila kuambiwa na mtu, kwamba chatu asipokula kwa kinywa chake mwenyewe, yeye Maurice atazikwa na njaa katikati ya hoteli yake.

Akiwa katika hali hiyo, Lynnet akaja. Hakuja peke yake. Alikuja na Susana wa Karungu, mganga mwenye mkoba wa ngozi ya kenge, mwanamke ambaye majini humpisha njiani.

"Shemeji," alisema Lynnet kwa sauti ya chini, "kaburi la mume wangu limeota mipapai."

Bathsheba akashika mdomo.

Sikia. Kwa Wajaluo, mtu akipotelea ziwani na maiti isipatikane, hazikwi hewa. Huchumwa tunda la yago, refu na zito kama mtoto mchanga, likafunikwa shuka likazikwa badala yake, ili roho ipate kitanda. Aliyetumwa kuchuma yago la Jacktone ni Maurice, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa naye mwisho, na mwenye kulichuma sharti asimame ufuoni amwite marehemu kwa jina na amweleze alivyokufa.

"Ulizika nini, omera, ndugu yangu?" Susana aliuliza.

Maurice akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Nimekuuliza ulizika nini."

"Papai," alinong'ona Maurice.

"Papai!" Lynnet alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Nimelia wiki nzima juu ya papai! Nimenyolewa kichwa kwa ajili ya papai!"

"Huyu si nyoka tena," Susana alisema akionesha kizimba. "Mwenyewe alikosa kitanda, akaingia humu. Nenda ukamchumie yago. Na ufuoni useme kweli. Ukimdanganya maiti mara ya pili, mimi simo."

Wakaenda alasiri ileile. Maurice alibeba yago kifuani, akaingia ziwani mpaka maji yakamfika magotini. Lynnet, Bathsheba na Susana walisimama nyuma yake.

"Jacktone!" aliita. "Ndugu yangu! Mashua ilipinduka. Tulikuwa na mtungi mmoja mtupu wa kuelea. Ulikuwa umeushika wewe. Halafu... halafu wimbi likakunyang'anya. Wimbi, ndugu yangu. Mimi niliuokota tu."

Ziwa likanyamaza kabisa. Susana alifunga mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Wakalizika yago, wakang'oa mipapai, wakarudi hotelini. Maurice, mwenye haraka ya kupona, akamnyakua kuku mweupe, akafungua mlango wa kizimba na kuingiza mkono.

"Kula, baba. Mambo yamekwisha. Kula."

Chatu alimpita kuku kama hamwoni. Akafungua kinywa taratibu, akaushika mkono wa kulia wa Maurice, akaanza kumeza: ncha za vidole kwanza, kisha vifundo, kisha kiganja, na Maurice akavuta na akapiga ukuta na akamwita mkewe, naye Bathsheba akamvuta kiunoni huku akimwomba Yesu kwa Kikisii, na kadiri walivyovuta ndivyo joka lilivyobana, na ndani ya kile kinywa, Maurice aliapa hivyo baadaye, hapakuwa na meno bali vidole vingine, vya baridi, vilivyokuwa vikimbandua vidole vyake kimoja baada ya kingine.

"Sema, shemeji," alisema Lynnet. Hakusogea kumsaidia.

"Nilimbandua!" Maurice alipiga yowe. "Alikuwa ameushika mtungi, nikambandua vidole! Kimoja kimoja! Alikuwa ananiita jina langu!"

Chatu akaachia.

Mkono ulitoka mweupe, laini, umekunjamana kama uliolowekwa majini siku nyingi. Kiganja kilikuwepo. Vidole havikuwepo, wala damu, wala kovu.

Kisha joka likamgeukia kuku mweupe, likamkamata, likammeza mzima, likafuatisha na bata aliyekuwa akipita mlangoni pa kizimba. Bathsheba alimtilia mumewe kijiko cha uji mdomoni. Akameza. Ukakaa tumboni mwake. Maurice akalia kwa shukrani kama mtoto.

Lynnet alimtoa chatu kizimbani kwa mikono mitupu, akamzungusha mabegani, naye akatulia kama kanga ya harusi. Mlangoni aligeuka.

"Nyoka ameshiba, shemeji," alisema. "Mume wangu bado."