Springi za Zoran

Merrin Hallam alikuwa ameishika nondo ya stebilaiza upande mmoja, akainua macho na kumwona mwanamume ameishika upande wa pili. Soko la vipuri vikuukuu la Dapto lilikuwa limefurika Jumapili ile. Watu walipigana vikumbo kati ya meza za taa, rimu na usukani, na moshi wa soseji ulitanda juu ya vichwa vyao. Merrin alivaa ovaroli la buluu, nywele kazifunga kitambaa chekundu. Mwanamume alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, katikati ya grisi yote ile.

“Dada, unajua hata hii ni ya nini?” aliuliza huku akitabasamu.

“Ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Wewe unaitaka ya nini, ya kuanikia mashati?”

Akacheka mpaka akaiachia.

Jina lake lilikuwa Zoran Naumov. Alikuwa na gari, stesheni wagoni ya mwaka 1982 aliyoachiwa na marehemu baba yake, mhunzi wa kiwanda cha chuma cha Port Kembla. Merrin alikuwa fundi wa springi na shokapu kule Unanderra, na ile nondo ikaishia chini ya gari la Zoran. Kuanzia hapo kila Jumamosi walikuwa wote kwenye gereji ya mama yake Zoran, Mama Vesna, kule Cringila. Walikwangua kutu, wakapaka rangi ya kijani kibichi, wakavisha rimu pana. Jioni Zoran alimpigia simu kumuuliza fundi wake kama amekula, na Merrin alimjibu kwamba ameshiba harufu ya rangi.

Kilichobaki ni kulishusha gari karibu na ardhi. Zoran alitaka lilale chini kama paka anayewinda. Merrin alimweleza kwa utulivu kwamba springi fupi lazima ziwe za kufanana na shokapu zake, na zilizoagizwa zingechelewa wiki mbili. Zoran akanuna. Jumapili iliyofuata ilikuwa maonyesho ya magari ya zamani kule Robertson, juu mlimani, na siku hiyo hiyo baba yake alitimiza mwaka tangu afariki. Alishamwahidi mama yake kwamba ataliona gari la mumewe kwenye mstari wa mbele.

Ijumaa Merrin alilikuta gari limeshuka.

“Springi zimefika?”

“Zimefika jana, mpenzi,” Zoran alisema, akimtazama machoni.

Merrin alilala chini, akamulika tochi. Springi zilikuwa zile zile za zamani, zimekatwa kwa grenda, ncha zake bado zina weusi wa moto. Alimwambia azitoe. Zoran alisema kwamba Merrin anajali vyuma kuliko mtu. Merrin alifunga kisanduku chake cha spana na kuondoka. Kwa siku mbili Zoran alimpigia simu, naye hakupokea.

Jumapili mchana ukungu ulishuka mlimani. Merrin alikaa jikoni na chai iliyopoa, akiwaza barabara ya Macquarie Pass inayoshuka kutoka Robertson, kona zake na mwamba uliobana upande mmoja. Saa tisa simu ikaita. Ilikuwa ya Zoran, kwa spika.

“Merrin, kuna kitu kinagonga nyuma kulia. Tunashuka. Sasa kinakwaruza.”

“Mama yuko nawe?”

“Yuko nyuma.”

“Simama.”

“Hapa hakuna pa kusimama, ni kona tu.”

“Zoran, simama hapo ulipo. Washa taa za hatari.”

Simu ikakatika.

Merrin alipiga tena na tena akiwa barabarani, haikupatikana. Alipanda mlima na pikapu yake, vioo wazi, akitega sikio. Kila kona alitegemea kuona uzio uliovunjika. Gari la kuvuta magari mabovu lilimpita likishuka, halikubeba kitu, na hilo halikumtuliza hata kidogo.

Aliona taa kwanza, za rangi ya chungwa, zikiwaka na kuzimika ndani ya ukungu. Mama Vesna alikaa kiti cha nyuma, sahani ya maandazi ya jibini mapajani, midomo ikisali. Merrin alijilaza kwenye lami yenye maji. Springi ilikuwa imechomoka kwenye kikalio chake, na ncha iliyokatwa ilikuwa imekula tairi kwa ndani mpaka nyuzi.

“Niambie ukweli,” Zoran alisema.

“Kona mbili zaidi, tairi lingepasuka. Labda moja.”

Zoran alikaa chini pale pale, shati lake jeupe kwenye matope. Baadaye alisema kwamba alisimama kwa sababu ni Merrin aliyemwambia.

“Sikuondoka kwa ajili ya springi,” Merrin alisema. “Uliniangalia machoni ukanidanganya.”

“Nikikuomba nikuoe leo, utanicheka.”

“Sitacheka. Niulize siku utakayoharibu kitu, ukaja kuniambia kabla sijakiona.”

Wiki tatu zilipita. Jumatano moja Zoran aliingia karakana ya Unanderra saa za kazi, mafundi wote wakimtazama, kofia mkononi.

“Nimepasua taa yako ya nyuma,” alisema. “Ya pikapu. Nilikuwa naegesha hapo nje, sasa hivi.”

Merrin alifuta mikono polepole. Hakwenda kuangalia.

“Haya,” alisema. “Uliza.”