Nafasi ya Wiki ya Krismasi

Bahasha ilipasuka katikati ya posta ya Kisii, siku ya soko, watu wakiwa wamebanana hadi mlangoni. Vijitabu vya rangi vikamwagika sakafuni: milima myeupe pe, nyumba za mbao zenye mapaa mazito, na Wazungu waliovaa kofia za sufu wakicheka, mbao ndefu zimefungwa miguuni mwao. Mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi alimkanyaga mmoja wao usoni, akashtuka, akaiomba picha msamaha.

Msichana aliyeangusha bahasha aliinama kuokota. Aliitwa Nyanchera, karani mpiga taipu wa chama cha ushirika wa pareto. Gauni lake la krimplini, kijani kibichi, lilimkaa kama aliloshonewa juu ya mwili, nalo liliishia chini kidogo ya magoti, maana baba yake alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato kule Nyamira na hakuwa kipofu. Mkono mwingine ukaokota pamoja naye. Ulikuwa wa Momanyi, opereta wa simu wa posta ile ile, kijana mrefu wa Mosocho aliyevaa suruali pana chini na nywele zilizochanwa zikasimama.

"Dada, hawa watu wako wamefungwa mbao kwa kosa gani?"

"Hawajafungwa. Wamelipa wafungwe."

"Wamelipa?"

"Wanateremka mlima juu ya theluji. Ndiyo raha yao."

"Sisi tukiwa watoto tuliteremka mlima juu ya shina la mgomba, mvua ikinyesha, na hatukulipa kitu. Tulichapwa tu tukifika nyumbani."

Nyanchera alicheka hadi vijitabu vikamponyoka tena. Hivyo ndivyo ilivyoanza, mwaka wa sabini na moja, mwezi wa nane, na mimi ninayeisimulia ningependa iishie hapo kwenye kicheko.

Vijitabu vilikuwa vya Bwana Lindholm, Mswidi aliyekuwa mshauri wa chama cha pareto. Mgane yule alikuwa na binti wa miaka tisa, Karin, ambaye tangu mama yake afariki alikuwa haongei na mtu isipokuwa Nyanchera. Baba alitaka kumpeleka mtoto kwenye milima ya Ulaya wiki ya Krismasi, lakini kazi ya pareto ilikuwa imemfika shingoni. "Wewe chagua," alimwambia karani wake. "Pasiwe na watu wengi. Pawe na mteremko wa mtoto. Na fanya haraka, wiki ile inajaa mapema." Nyanchera hakuwahi kuona theluji hata kwenye jokofu.

Basi wakachagua wawili. Kila adhuhuri walikaa kwenye benchi nyuma ya posta, karanga mapajani, vijitabu vimetandazwa kati yao. Majina ya Kijerumani yaliwashinda, wakavibatiza vijiji vile majina ya nyumbani. Kile chenye mahoteli makubwa na magari yaliyosongamana wakakiita Keroka. Kilichojificha mbali nyuma ya milima wakakiita Kenyenya.

"Keroka hapana," alisema Momanyi. "Mtoto atapotea kabla hajavua koti."

"Na Kenyenya?"

"Kufika huko Krismasi itakuwa imeisha. Hebu hiki kidogo. Kina treni, kina kanisa, kina kilima cha watoto. Na tazama, mlima wake umelipa jua kisogo. Theluji haitayeyuka."

"Umejuaje wewe mambo ya theluji?"

"Najua tope, mpenzi. Upande wa jua hukauka kwanza."

Ndiyo mara ya kwanza alimwita mpenzi. Nyanchera alijifanya hakusikia, akamenya karanga moja kwa muda mrefu sana. Kijiji kile kidogo wakakiita Mosocho.

"Kwenu hakuna theluji," alimtania.

"Itakuja ukija wewe. Utaolewa Mosocho?"

"Mosocho ya wapi, ya mbao miguuni au ya mashina ya migomba?"

"Utakayoichagua, moyo wangu."

Tangu hapo simu ya ofisi ya pareto haikupumzika. "Ofisi ya ushirika?" sauti ingesema kwa ukali wa kiserikali. "Kuna simu yako kutoka Ulaya."

"Nani anapiga?"

"Theluji. Inauliza kama kipenzi chake amekula."

"Iambie amekula ugali akashiba, iache kusumbua watu kazini!"

Mwezi wa kumi Momanyi alimtuma mjomba wake Manasseh kupanda Nyamira kuwa mshenga, esigani kama tunavyomwita. Manasseh aliuchunguza ukoo, akachunguzwa naye, akarudi na neno zuri. Mzee Nyamweya, baba yake Nyanchera, alinung'unika kidogo kwamba kijana ni Mkatoliki, kisha akasema ng'ombe hawana dini. Alikuwa na sababu ya kulegea. Kwetu ng'ombe wanaokuja kwa dada ndio wanaomtafutia kaka mke, na kaka yake Nyanchera, Jethro, alikuwa anamngojea Abigael, ambaye tumbo lake lilikuwa limekwisha kuanza kusema hadharani.

Kila kitu kilikuwa tayari. Walibaki ng'ombe tu.

Ikawa asubuhi moja Bwana Lindholm akasimama mbele ya meza ya Nyanchera, kofia mkononi. Karin amekataa kusafiri bila yeye. Je, angekubali kwenda nao, wiki hiyo moja, amwangalie mtoto?

"Lazima nimuulize mtu kwanza," alisema Nyanchera.

"Uliza. Lakini wiki ya Krismasi haimngoji mtu. Shika nafasi leo. Ukikataa, tutaifuta."

Basi akapiga simu kwa wakala wa safari Nairobi, na aliyemuunganisha alikuwa Momanyi. Opereta akishaunganisha watu hutoa sikio lake, ndiyo sheria, na Momanyi aliishika sheria hiyo kwa wakubwa na wadogo. Kwa Nyanchera alikuwa ameivunja mara nyingi, kwa sababu aliipenda sauti yake tu.

"Bwana Lindholm," alimsikia akisema. "Mtoto Karin. Na Miss Nyanchera. Ndiyo, wiki nzima. Nyumba moja, ile ile ndogo."

Momanyi alichomoa waya wake kama aliyeungua. Aliona giza. Ile Mosocho yao, waliyoichagua goti kwa goti, mwingine ndiye atakayekwenda naye, tena mgane! Hakumbuki alivyomaliza zamu.

Nyanchera alimngoja kwenye benchi siku ile akiwa na habari yake mdomoni, ameshapanga hata jinsi atakavyomchokoza kwanza. Momanyi hakuja. Kesho yake hakuja. Alibadilishana zamu na wenzake. Mwishowe msichana akainua simu ya ofisi.

"Namba tafadhali."

"Momanyi, ni mimi. Una nini?"

"Namba tafadhali."

"Nimekukosea nini, mpenzi? Niambie."

"Dada, kuna watu wanangojea laini."

Nyanchera akaweka simu chini taratibu, asije mtu wa meza ya pili akamwona analia.

Jioni hiyo Momanyi alikwenda kwa Manasseh. "Mjomba, rudisha neno Nyamira. Nimebadili nia."

"Umemuuliza msichana?"

"Hakuna cha kuuliza."

"Neno la mshenga si mpira, kijana. Likienda kugonga ukuta wa watu halikurudii mkononi."

"Lipeleke."

Alijiambia hawezi kuuliza kwa sababu opereta anayesikiliza simu za watu hufukuzwa kazi. Uongo mtupu. Aliogopa jibu. Mimi nina hasira naye mpaka leo, maana swali lenyewe lilikuwa fupi na msichana alikuwa amesimama hapo na jibu mkononi. Lakini wivu ukiingia kwa mlango, akili hutokea dirishani.

Manasseh alipanda Nyamira, akalisema neno lile akiwa amesimama, bila kuonja hata maji. Mzee Nyamweya aligeuka. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa peke yake, kwa aibu. Ndugu zake Abigael walikuwa wameshatuma salamu za mwisho: ama ng'ombe, ama dada yao aozwe kwingine. Na kanisani alikuwapo mtu, Nyasani, mwenye malori mawili pale Keroka, mpole, wa makamo, aliyechelewa kuoa, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimtazama Nyanchera kupitia juu ya kitabu cha nyimbo.

"Sikulazimishi," baba alimwambia bintiye.

"Najua, tata."

"Unasemaje?"

"Waje ng'ombe wa yeyote. Kwangu ni mamoja."

Wakaja wa Nyasani. Waliingia kwa lango la Mzee Nyamweya asubuhi, na kabla jua halijashuka walitoka tena kwenda kwa kina Abigael. Abigael akaletwa nyumbani kwa Jethro, akashukuru hadi akalia mabegani mwa wifi yake. Nyanchera akampapasa mgongo, macho makavu.

Mwezi wa kumi na mbili ulipoingia, Bwana Lindholm alifika mwenyewe posta. Akauliza opereta anayeitwa Momanyi, akaonyeshwa. Momanyi alisimama amekunja ngumi nyuma ya mgongo.

"Wewe ndiye?" Mswidi alisema kwa Kiswahili chake cha kupima. "Nina shida. Nilimwomba karani wangu atusindikize, amwangalie mtoto wangu. Akasema hawezi kujibu mpaka amuulize Momanyi. Tukashika nafasi tu, isije ikapotea. Tangu hapo nikimuuliza, ananyamaza. Sasa nauliza wewe. Umemkataza?"

Momanyi alishika ukingo wa kaunta. "Alisema... anataka kuniuliza mimi?"

"Mara nyingi alisema. Momanyi, Momanyi. Mpaka mtoto wangu anajua jina lako."

Jumapili ilimkuta Nyamira. Hakuwa na mshenga, hakuwa na kitu mkononi, akapanda kati ya mashamba ya chai na kusimama uani kwa watu, jambo ambalo mwenye adabu hafanyi. Mzee Nyamweya hakumpa kiti.

"Nimekosa, mzee. Nilisikia neno nusu nikalifanya zima. Nakuomba nilipe kosa langu, nimwoe Nyanchera."

"Ng'ombe wa Nyasani hawapo hapa," mzee alisema bila ukali. "Ungewakuta, ningewatazama, nikakutazama na wewe. Wako kwa kina Abigael. Mwite binti yangu umsikie mwenyewe. Hilo sitakunyima."

Nyanchera alitoka jikoni kwa miguu mitupu, kitambaa cheupe kichwani. Walitembea hadi mwisho wa chai, mahali mzee angeweza kuwaona lakini asiwasikie. Hapo hasira zake zote zikapanda.

"Ulisikiliza simu yangu!"

"Nilisikiliza."

"Ulisikia maneno yote, Momanyi, ila yale niliyotaka kukuambia! Nilikuwa na raha, wewe! Nilitaka kukuchokoza, nikuambie naenda kuona Mosocho kabla yako, na ukikasirika nikae. Ungesema usiende, ningekaa. Ningefuta siku hiyo hiyo."

"Nisamehe."

"Ulinijibu kama mtu wa barabarani. Namba tafadhali!"

"Nisamehe, moyo wangu. Twende. Ng'ombe wa Nyasani warudishwe, mimi nitawatafuta wengine."

"Warudishwe kutoka wapi? Ukiwatoa kwa kina Abigael, Abigael anarudi kwao na tumbo lake. Jethro anabaki na nyumba tupu. Nimtoe wifi yangu kitandani nilale mimi?"

"Basi twende Nairobi tu. Usiku huu."

"Itakuwa vile vile. Nikiondoka, Nyasani ataomba mali yake, na ana haki. Hajamkosea mtu."

Chini bondeni watu wa misa walikuwa wakirudi nyumbani kwa makundi, nguo zao nyeupe zikionekana mbali.

"Unanipenda bado?" Momanyi aliuliza.

"Nakupenda. Hilo halikuwa swali hata siku moja."

"Na umenisamehe?"

Nyanchera alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Nimekusamehe, na ndicho kinachoniumiza. Ningebaki na hasira, ningeolewa vizuri."

Alimshika mkono mbele ya macho ya baba yake, akaukaza, kisha akamwachia, akarudi nyumbani bila kugeuka. Mzee Nyamweya aliinamisha kichwa, akajifanya anatazama ndizi zake.

Jumatatu, taa ya ofisi ya pareto iliwaka kwenye swichibodi. Bwana Lindholm angeweza kuipiga simu hiyo mwenyewe, lakini Nyanchera alikuwa amemwomba amwachie yeye. Momanyi alimuunganisha na Nairobi. Safari hii Nyanchera alijua kwamba anasikilizwa, na Momanyi hakutoa sikio.

"Jemimah hapa, ofisi ya safari."

"Ni kuhusu Austria, wiki ya Krismasi. Bwana Lindholm na mtoto wataenda wawili tu, shangazi wa mtoto atawapokea huko. Naomba ufute nafasi ya tatu."

"Ya Miss Nyanchera? Haya, dada yangu, una hakika? Mlichagua vizuri mno, kila mtu sasa anakitaka kijiji kile. Kuna watu wanangoja nafasi moja tu ipatikane. Nikiifuta, imechukuliwa kabla hujaweka simu chini."

"Nina hakika."

"Hutaipata tena, nakwambia ukweli."

"Najua, Jemimah. Wiki ile nitakuwa na harusi."

"Kumbe! Hongera sana! Na huyo bwana mwenye bahati ni nani?"

Momanyi alisikia pumzi ya Nyanchera, karibu kabisa, kama walivyokuwa wakikaa bega kwa bega juu ya picha za theluji.

"Ni mtu wa Keroka," alisema Nyanchera. "Ni mtu mzuri."

Nairobi wakampongeza tena, wakakata. Taa ya pareto haikuzimika. Nyanchera alikuwa bado ameshika simu upande wake, naye Momanyi ameshika upande wake, na kwa kuwa ndiye opereta, ilikuwa kazi yake kuuliza.

"Umemaliza, dada?"

"Nimemaliza."

Akachomoa waya. Kisha Momanyi akalia pale pale, vipokea sauti masikioni, taa nyingine zikiwaka mbele yake, watu wa Kisii wakingoja simu zao.